Nilimwambia kwa Utani

Kambi ya mkonge, ng'ambo ya Hale,
Korogwe.

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujasoma mbele, maana najua atauliza kwanza kama nimemwamkia. Goti lake linaendeleaje? Bado anashika ukuta akitaka kuinuka? Na mahindi je, mvua ilirudi au yamekaukia njiani? Huku ilinyesha tukafurahi, halafu ikakata kama bomba lililofungwa. Mwanangu Tatu mwambie baba yake anamkumbuka, na asikusumbue kwenye kuchota maji. Mimi mwili ni mzima. Mikono inawasha kwa maji ya mkonge, mgongo unauma asubuhi na kuacha jua likipanda, haya nimeyazoea. Moyo ndio haujakaa sawa, dada, na ndiyo maana naandika.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yako unaiweka sauti ya nje. Nikikohoa huku, wanaosubiri kusagiwa unga mashineni wanaambiana Bakari kaumwa. Hili sikutaka lifike mashineni kabla halijafika kwako. Utingo wa basi ataiacha dukani pale njia panda, na mtu wa bodaboda ataileta Kwamsisi. Isome kwanza peke yako, kisha uamue ya kumsomea mama.

Unakumbuka nilipokupigia kwamba nimepewa filimbi? Ulipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Ofisini siku hizi wanasema kiongozi wa kundi, lakini kambini jina ni lile la zamani, mnyapara. Mzee aliyekuwa akituongoza kifua kilimzidi akarudi kwao. Msimamizi akatukusanya kwenye kivuli cha trela, akatutazama mmoja mmoja, kidole kikaishia kwangu. "Wewe huongei sana, hunywi, na unajua kusoma. Shika." Mimi, dada, niliyeishia darasa la tano kwa sababu ya ng'ombe wa watu. Nilikuuliza kwenye simu watu wanaongozwaje, kwa kuwa wewe ni mwenyekiti wa akina mama wa kisima. Ukaniambia, "Sema mara moja, sema wazi, halafu nyamaza." Maneno hayo nilikuwa nayo. Nitakueleza nilivyoyatumia.

Walitukalisha wanyapara wapya wote chini ya turubai asubuhi moja, tukapewa soda na maandazi, akaja mwalimu kutoka mjini kutufundisha uongozi. Kijana mzuri, mwenye subira. Alisema agizo liwe moja kwa wote. Alisema kiongozi asiwe na watu wake anaowapendelea. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, na kama kwenye kundi lako kuna mtani wako?" Turubai zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema mtani ni raha ya kazi, akaendelea na mengine. Simlaumu. Hata mimi nilipokaa chini niliona nimeuliza kichekesho.

Mtani niliyekuwa namfikiria ni Maganga, yule niliyekuwa nakusimulia kila nikija likizo. Ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa huku enzi zile za kusomba watu kuja kukata mkonge. Baba yake alizaliwa kambini, na yeye amezaliwa kambini, katika chumba hichohicho anachokaa mpaka leo. Tabora hajawahi kuikanyaga, anaisikia tu. Siku niliyofika huku mara ya kwanza, nimesimama na begi sijui nilale wapi, yeye ndiye aliyeniuliza, "Kabila gani?" Nikasema Mzigua. Akaninyang'anya begi, akaliweka chini, akalikalia. "Ah! Mtumwa wangu umejileta mwenyewe! Nilishachoka kukutafuta." Watu wakacheka, akanipeleka kwake, mke wake akanipa ugali na kisamvu, nikalala kwenye mkeka wao mpaka nilipopata chumba. Marehemu mke wake alikuwa akisema, "Matusi yote haya, halafu sahani ni moja." Miaka yote hii Maganga hajawahi kuniita Bakari. Ni mtumwa wangu, Mzigua, mtumwa wangu.

Na utani wetu na hawa watu wewe unaujua kuliko mimi. Kwenye msiba wa baba si ulikuwepo, yule Mnyamwezi muuza chumvi alivyoingia kaburini akalala chali, akasema hiki ni kitanda chake, hatoki mpaka apewe jogoo? Mama alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyonifunga mimi miguu.

Siku ya kwanza nilipopuliza filimbi, Maganga alisimama katikati ya mistari ya mkonge akapaza sauti, "Sikilizeni jamani, mtumwa wangu amejifunza mluzi!" Kundi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikamjibu, "Kata mkonge, Mnyamwezi wa kuchovya, Tabora yenyewe hujaiona hata kwenye kalenda." Kazi ikaenda vizuri. Nikasema moyoni, kumbe uongozi ndio huu.

Kisha nikaanza kuona mambo. Katika kundi letu yupo Elia, Msambaa wa Bungu, mtu wa kimya, anakata vizuri lakini siku nyingine huacha miiba kwenye ncha za majani. Kazi yetu, dada, ukishakata jani unaliondolea mwiba wa mbele, ndipo unafunga mzigo. Siku moja nilimkuta Elia amefunga mzigo una miiba. Nikaufungua mbele yake, nikamwambia aurudie. Akaurudia bila neno. Nikasogea mbele kidogo, nikamkuta Maganga amefunga mzigo kama ule, tena mbaya zaidi. Nikasema, "Mnyamwezi, huu mzigo au nungunungu?" Akasimama, akashika kiuno. "Kama hukuupenda ufungue, mtumwa. Kazi ya mtumwa ni nini?" Watu wakacheka. Na mimi, kwa kuwa mtani akikushinda kwa maneno unakubali, niliinama nikaufungua, nikatoa miiba, nikaufunga upya kwa mikono yangu, filimbi inaning'inia shingoni.

Nilipoinuka nikaona Elia ananitazama. Akasema taratibu, "Mnyapara, ningejua ningezaliwa Mnyamwezi."

Hilo halikuwa utani. Wasambaa ni ndugu zetu, hawatanii nasi namna hiyo. Alikuwa ananiambia ninavyobagua. Nililisikia likanikaa, lakini sikujua nifanye nini. Nilijaribu mara moja kumvuta Maganga pembeni, tukasimama karibu na dumu la maji. Nikamwambia, "Maganga, sasa hivi sitanii." Akageuka akawaita wenzake, "Njooni msikie, anasema hatanii! Hivyo ndivyo anavyoanza kila akitaka kunitania." Na kweli, dada, ndivyo tulivyokuwa tukianza. Kila neno la kweli nililokuwa nalo tulikwisha kulichezea. Sikubaki na sauti nyingine ya kusema naye.

Ndipo zikaja miwani. Ofisi ilileta miwani ya plastiki ya kukinga macho, kila mkataji na yake, wakatuambia wanyapara tuhakikishe zinavaliwa. Unaijua miiba ya mkonge, ni kama sindano ya kushonea magunia. Lakini miwani ile ukiivaa unapata taabu, jasho likishuka inaingia ukungu, huoni kisu wala mguu wako. Watu walinung'unika. Nikapita kwa kila mmoja. "Juma, vaa." Akavaa. "Elia, vaa." Akavaa. Maganga aliichukua yake akaivisha dumu lake la maji. "Huyu ndiye mwenye macho mazuri," akasema, "asije akachomwa." Watu wakashika mbavu.

Nikamwambia, "Vaa, Mnyamwezi. Jicho likitoboka usije kunidai langu."

Akasema, "Nitalidai. Mali ya mtumwa ni ya nani?"

Nikacheka nikapita. Hilo ndilo agizo nililompa. Kila asubuhi tulikuwa na namna yetu ya kulisema, kila asubuhi dumu linavaa miwani. Baada ya siku kadhaa na wengine wakaanza kuzipandisha kwenye paji la uso. Ningewakemea vipi na dumu lile linanitazama?

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mvua ilikuwa imepita usiku na majani yanateleza. Maganga alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu, anasimulia jambo kwa sauti, watu wanacheka. Akainama kukata majani ya chini. Tukasikia "Aah!" kubwa. Mtu mmoja akasema, "Mnyamwezi kaona nyoka." Mwingine akasema, "Kaona kazi." Tukacheka. Nami, dada, nilipaza sauti nikasema, "Lia taratibu, utaniamshia wake zangu!" Tukacheka tena. Akasema, "Bakari."

Basi. Jina langu tu. Miaka yote hajawahi kulitaja. Nikatupa kisu, nikaenda mbio katikati ya mkonge huku unanichana miguu. Nilimkuta amepiga magoti, kiganja kimefunika jicho la kulia, damu na maji vinapita kati ya vidole. Hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, "Nishike, sioni njia." Dumu lake lilikuwa pale pale kando ya mstari, limevaa miwani.

Tulimpakia kwenye trekta mpaka ofisini, kutoka hapo gari likampeleka hospitali ya wilaya, nao wakamsogeza mbele kwenye hospitali kubwa zaidi. Aliporudi jicho halikuwepo tena. Kope zimelala chini, ndani kuna shimo. La pili linatoa machozi akikaa juani.

Ofisi ikatuita. Msimamizi wetu si mtu wa mkoa huu, ametoka mbali, ni mtu wa haki lakini anapenda jambo liwe na majibu mawili tu. Akaniuliza mbele ya Maganga, "Ulimwambia avae miwani?" Nikasema ndiyo, nilimwambia. Akamgeukia Maganga. "Alikuambia?" Nami nikamtazama Maganga, nikijua akisema neno moja tu la ukweli wetu nimekwisha.

Maganga alinyoosha mgongo kama mtu aliye mahakamani. Akasema, "Mnyapara aliniambia. Tena aliniambia kila siku. Kosa ni langu."

Umelisikia neno hilo, dada? Mnyapara. Alinikinga, na kwa kunikinga akanitoa kwake. Mtu aliyekuwa akiniita mtumwa wake hana sababu ya kunikinga, angenisukumia msala wote na tungecheka. Siku ile alizungumza juu yangu kama mtu anayezungumza juu ya mkubwa wa kazi.

Msimamizi akafunga shauri. Mtu aliyekataa kifaa baada ya kuagizwa, kazi yake shambani imekoma. Matibabu wamemlipia, lakini kazi hana, na asiye na kazi hakai nyumba za kambi. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi kutoa vitu vyake.

Mimi nikatoka na filimbi yangu shingoni.

Sasa sikiliza jambo linalonichoma. Tangu siku ile kundi langu likanyooka. Nikisema vaa, wanavaa kabla sijamaliza neno. Mizigo inafungwa vizuri, hakuna mwiba hata mmoja. Hakuna kicheko pia. Wanakata kimya kama watu walio makaburini. Msimamizi akapita akasema mbele ya wanyapara wengine, "Mwangalieni Bakari, sasa amekuwa kiongozi." Niliitikia asante. Nilihisi kama mtu anayesifiwa kwa shati alilomvua maiti.

Na Maganga nilikuwa nakutana naye bombani asubuhi. Ananiwahi yeye. "Habari za asubuhi, mnyapara." Kwa adabu kabisa, kichwa amekigeuza upande ili jicho zima linipate. Siku ya kwanza nikamwambia, "Toka hapa bombani, Mnyamwezi, unachafua maji ya wenyewe." Akasogeza ndoo yake. "Samahani, mnyapara." Akanipisha! Watu waliokuwa bombani wakainamisha macho. Dada, sijawahi kutukanwa na mtu yeyote tusi lililoniuma kama kupishwa kule.

Nilijaribu tena na tena. Nikamwita majina yote tuliyokuwa tunaitana. Anajibu "ndiyo, mnyapara," anaondoka na ndoo, nusu ya maji anayamwaga njiani kwa sababu hajazoea kupima hatua kwa jicho moja.

Jioni moja akaja mlangoni kwangu, akabisha hodi. Yeye hajawahi kubisha hodi kwangu, alikuwa akiingia anafunua sufuria. Nikamkaribisha akakataa kukaa. Akasema, "Mnyapara, wewe unajua kusoma. Nataka kuuliza. Mtu akipanda basi la Tabora, anashukia wapi?"

Nikamuuliza, "Unakwenda kwa nani?"

Akasema, "Ndiyo hapo. Najua jina la babu. Nafikiri nikishuka nitamuuliza mtu."

Nikamwambia ashukie stendi ya mjini. Mtu mzima wa umri wa kaka yetu mkubwa, amezaliwa nyuma ya bomba lile, mke wake kazikwa hapa kwenye makaburi ya kambi, na mimi niliyekuja na begi yeye akanipokea, leo ndiye wa kuniuliza ashukie wapi akienda asikokujua. Akashukuru, akaondoka. Nilisikia akigonga bega kwenye nguzo ya kibaraza upande ule asioona.

Asubuhi sikupuliza filimbi. Nilikwenda ofisini nikamkuta msimamizi anakunywa chai. Nikamwambia nimekuja kusahihisha maneno yangu juu ya Maganga.

"Yapi? Ulisema ulimwambia."

"Nilimwambia kwa utani."

"Kwa utani maana yake nini, Bakari? Ulimwambia au hukumwambia?"

"Nilimwambia bosi, lakini si kwa namna ya kuambiwa."

Akaweka kikombe chini. "Unanichanganya. Neno 'vaa' ulilitamka?"

"Nililitamka."

"Sasa?"

Nikashindwa. Nimekaa na watani maisha yangu yote, na sikuweza kumweleza mtu asiye na mtani huku kwamba neno linaweza kutoka mdomoni na lisifike. Nikaona ananipotea. Ndipo nikamwomba amwite Elia, yeye hakupata kunipendelea.

Elia alikuja na kisu chake mkononi, akakiacha mlangoni. Msimamizi akamuuliza. Elia akafikiri kidogo, ndivyo alivyo. Akasema, "Mimi mnyapara aliniambia kwa jina langu, ameshika filimbi, ananitazama usoni. Nikavaa. Juma vilevile. Maganga hajaambiwa hivyo hata siku moja. Yeye alichekeshwa tu. Mimi nililiona tangu mwanzo na nilimwambia mnyapara." Akanitazama. "Leo nasema tena, si kwa ubaya."

Msimamizi akaninyooshea kalamu. "Kwa hiyo, Bakari, agizo hukulitoa."

Nikasema, "Sikulitoa."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Basi filimbi."

Nikaivua nikaiweka mezani, karibu na kikombe chake. Hakuwa amekasirika. Alionekana kuchoka kama mimi. Akasema kama mtu hakuagizwa, hawezi kufukuzwa kwa kukataa agizo. Maganga wamempeleka kwenye uwanja wa kuanika singa, kule kwenye mashine ya kambi, kazi ya kutandaza nyuzi za mkonge kwenye waya zikauke. Malipo ni madogo kuliko ya kukata na jua linamuumiza lile jicho lililobaki, lakini ni kazi, na chumba chake kimebaki kuwa chake.

Filimbi amepewa Elia. Alikuja kuniuliza nina neno gani la kumpa. Nikamwambia yale uliyoniambia wewe, sema mara moja, sema wazi, halafu nyamaza. Nikaongeza na langu nililolinunua ghali. Nilimwambia, "Ukishavaa filimbi, wale unaowapenda ndio uwaambie kwa majina yao kwanza, kabla ya wengine wote. Jua likipinda na filimbi ukaivua, hapo cheka nao mpaka mchoke." Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake asubuhi mtu wa kwanza kuitwa jina alikuwa mimi. "Bakari, vaa." Nikavaa. Ukungu ukaingia, nikakata hivyohivyo nikipapasa.

Kwa hiyo, dada, mdogo wako si mnyapara tena. Nimerudi kwenye mistari. Ile sare ya Tatu niliyoahidi isubiri kidogo, na bati la jikoni kwa mama nalo lisubiri. Nisamehe kwa kigelegele chako. Watu wa mashine ya unga wakiuliza, waambie ukweli, usinifichie. Sina hakika kama nilichofanya kimetengeneza kitu. Jicho halirudi. Nikifumba macho namsikia akisema "Bakari" na mimi bado nina kicheko mdomoni. Kuna siku nakata mkonge mpaka jioni bila kusema na mtu, na Elia ananiacha.

Lakini la jana nikueleze, kisha nimalize.

Nilikuwa nimekaa kibarazani nachomoa miiba mguuni baada ya kazi. Maganga akatokea kwenye njia ya mashineni, nguo zimejaa vumbi jeupe la singa. Hakubisha hodi. Alinisimamia mbele, akageuza kichwa chote mpaka jicho likanipata.

"Mzigua," akasema. "Nani alikutuma ofisini?"

Nikaendelea kuchomoa mwiba.

"Nakuuliza, mtumwa. Tangu lini mtumwa akafungua mdomo bila kuulizwa? Nakukinga, unajivua nguo mwenyewe. Babu zangu walinunua hasara."

Nikainamisha kichwa, dada, machozi yananitoka kama mtoto, na yeye anaendelea. "Tena usilie, nimekuja na deni. Ulisema likitoboka nisije kukudai. Nami nilisema nitadai. Nimekuja kuchukua jicho langu. Toa."

Akanyoosha mkono wake mbele yangu, kiganja juu. Nami nikanyoosha wangu. Mkono wake ukapita pembeni, ukashika hewa. Akaurudisha, akajaribu tena, ukapita tena. Basi nikausubiri pale ulipo, nikaushika mimi. Akakaa. Akafunua sufuria yangu, akasema ni chakula cha mbwa, akala.

Salamu zangu kwa baba mdogo anayetuangalizia shamba, na kwa shangazi wa Kwamsisi chini, mwambie ule ukindu nitautafuta. Akina mama wa kisima wote nawasalimu, na wewe uwaongoze hivyohivyo. Tatu asome. Mama mshike mkono wakati wa kuinuka, asishike ukuta.

Maganga naye amekaa hapa pembeni ananisikia nikisoma, anasema nisifunge barua bila salamu zake. Anawasalimu watumwa wake wote wa Kwamsisi, na anamwambia mama asiharakishe kufa, ila siku akifa atakuja yeye mwenyewe, aingie kaburini alale, hatoki mpaka apewe jogoo. Nimemwambia kwa jicho hilo moja atalikosa kaburi, ataangukia kwenye choo cha jirani. Nilipolisema tu nikaogopa. Amenyamaza. Halafu amecheka, dada, amecheka sana, na mimi nimengoja mpaka alipofika katikati ndipo nikaanza kucheka.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Bakari